Samaki wa Chini Hataki Kula

KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI YA MUDA YA USAFI NA USTAWI WA TANGI LA SAMAKI LA SEBULENI. AJENDA YA TATU: MKAZI WA CHINI KUTOKULA.

Ndivyo Karani alivyoandika juu ya ukurasa na kupigia mstari kwa rula, ingawa wajumbe walikuwa wanne tu na ukumbi wenyewe ni benchi lililo nje ya dirisha la sebule. Nyumba ina vyumba vitano, na wapangaji wake wanagawana jiko moja, sebule moja na tangi moja la samaki. Tangi limekaa dirishani. Jioni, jua linapoingia kwa mlango wa nyuma, hupita kwanza majini ndipo lifike kwetu, kwa hiyo mwanga hutua benchini ukiwa kama umelowa. Kahawa inacheza rangi vikombeni, mikono inakuwa kama ya watu waliolala chini ya mto, na ukinyamaza kidogo unasahau uko upande gani wa kioo.

Tangi ni la Dada Mkubwa, dada yake Fundi Saa. Wiki sita zilizopita alikwenda kufanyiwa upasuaji wa goti. Aliacha samaki kumi wekundu, wanaoishi juu na kujipendekeza kwa kila apitaye, na wawili wa kijivu, wa chini, wenye midomo ya kunyonya, ambao kazi yao duniani ni kulamba utando wa kijani. Mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya gari, alimwambia mdogo wake: “Hao wawili wa chini niangalizie.” Mmoja alikufa wiki iliyopita. Daftari la Karani linasema “ameondoka kwenye orodha.” Aliyebaki amelala juu ya kokoto nyeupe, tumbo limeingia ndani. Leo ni Alhamisi. Dada Mkubwa anarudi Jumamosi.

KARANI: Tuanze. Kumbukumbu zinaonyesha mhusika alilishwa jana mara tatu. Asubuhi, saini ya Kinyozi. Mchana, yangu. Jioni, Mama Mapazia.

FUNDI SAA: Saini nimeziona, mzee wangu. Tumbo ndilo silioni.

KINYOZI: Chakula si kinaliwa na wale wekundu! Hakifiki hata nusu ya njia. Wale wana fujo kuliko wateja wangu wa mwisho wa mwezi.

KARANI: Hilo ni suala la mgawanyo. Kamati ilitoa. Nani alipokea, hatukuagizwa kufuatilia.

MAMA MAPAZIA: Fundi, kunywa kahawa. Inapoa.

FUNDI SAA: Nimwambie nini, mama? Aliniachia wawili. Jambo moja tu aliniomba, moja, na yeye kanilea.

Hapo Mama Mapazia, ambaye hushona mapazia chumba cha mbele na ndiye mwenye chupa ya kahawa, alimwongezea kikombe. Kinyozi akaona nafasi, akaingia.

KINYOZI: Mimi nitawaambia. Yule amekumbuka kwao. Nimenyoa watu wengi waliotoka mbali. Kwanza hupotea hamu ya kula, nywele baadaye. Hebu tega sikio hapo kwenye kioo. Unasikia?

KARANI: Nasikia pampu.

KINYOZI: Wewe unasikia pampu. Yeye anasikia mto wa kwao, mbali, unapita nyuma ya kitu. Mchana kutwa anasikia nyumbani, na kila akigeuka anaona kiti cha sofa.

Tulisikiliza. Kwa kweli ulikuwa mto. Ulipita nyuma ya ukuta, ukazunguka jikoni, ukaendelea na safari zake.

MAMA MAPAZIA: Kwao wapi bwana, yule amelala tu. Samaki hana kope, atafumba nini? Yumo ndotoni, na huko ndotoni amekaa mezani, anakula, anajiegemeza. Ndiyo maana mnamletea chakula hakioni. Ameshiba.

FUNDI SAA: Basi ndoto yake inamkondesha.

MAMA MAPAZIA: Nzuri huwa zinakondesha, mwanangu. Mbaya ndizo zinanenepesha. Mume wangu alikuwa na jinamizi kila siku, na shati lilikuwa halimwingii.

KARANI: Naomba isiandikwe.

KINYOZI: Si wewe ndiye mwandishi?

KARANI: Ndiyo maana najiomba mwenyewe. Sasa sikilizeni. Ninyi mnaongea kama wapiga ramli, hamwangalii mazingira. Kile kioo mnakionaje?

KINYOZI: Kioo kipi?

KARANI: Umeona? Hakionekani! Enzi za Dada Mkubwa kilikuwa kama kimevaa sweta la kijani. Wageni walikuwa wanauliza mle ndani mna nini, na tunasema samaki kwa kubahatisha. Kamati ikaingia. Zamu ya kusugua, kila siku, bila sikukuu. Kokoto tukazichemsha. Kile kigogo kilichokuwa kinatia maji rangi ya chai tukakitoa, kiko uani kinaota jua. Hata zile pembe sugu, Fundi mwenyewe kazimaliza kwa brashi yake ya saa.

FUNDI SAA: Nilitaka akirudi afurahi.

KARANI: Na matokeo? Samaki haoni ukuta. Kwake yeye maji hayaishi. Anaamini benchi hili liko ndani, mita moja mbele yake, na sisi wanne ni wakazi wa chini wenzake. Anatutazama: tumekaa, tumeinama, tunafungua midomo na kufunga, na hatuli. Tunakunywa tu. Naye ni mwenye adabu, hawezi kuanza kabla ya wakubwa.

KINYOZI: Ina maana anatusubiri sisi?

KARANI: Wiki ya tatu sasa. Na huenda naye ametuitishia kikao.

MAMA MAPAZIA: Na daftari analo?

KARANI: Aliye chini hakosi daftari, mama. Wa juu ndio hawaandiki.

Kinyozi aligeuka polepole akamtazama samaki, samaki akamtazama. Jua lilikuwa limefika usawa wa maji. Kwa muda ikawa vigumu kukana kwamba sote tumo tangini, kwamba barabara ile ni kokoto zilizopangwa na mtu, na kwamba kuna mkono mahali fulani unaotulisha kwa saini.

Ndipo likaja kofia la kazi, na chini ya kofia msoma mita ya maji. Aliomba kona ya benchi ajaze fomu yake. Mama Mapazia akampa kikombe cha mwisho. Chupa ilikoroma, ikanyamaza.

MSOMA MITA: Ahsante, mama. Mna msiba?

FUNDI SAA: Bado. Ni huyo samaki. Hali kitu.

MSOMA MITA: Pole, kaka. Kwani huyo chakula chake hasa ni kipi?

KARANI: Utando wa kijani, unaoota kwenye kioo. Ni mtaalamu wa hicho tu.

Msoma mita akasogeza kofia, akainama dirishani, akatazama kioo juu hadi chini, kisha kokoto, moja moja, kama anayetafuta namba ya mita.

MSOMA MITA: Sasa utando uko wapi?

Mto ulipita nyuma ya ukuta. Karani alifunua daftari, akarudi ukurasa mmoja nyuma, halafu mwingine, wote saini tupu. Kinyozi aliitazama mikono yake. Msoma mita alimaliza kahawa, akasema ana nyumba kumi na tisa zaidi, akaenda.

FUNDI SAA: Mimi nilitumia hadi brashi.

MAMA MAPAZIA: Inuka. Dada yako alikuwa ananiomba tango, kipande kila baada ya siku mbili. Nilidhani anajibandika usoni.

KINYOZI: Na taa ya tangi alikuwa anaizima mapema. Tukasema anabana umeme.

KARANI: Kamati inaweza kukutana kesho kuzingatia...

MAMA MAPAZIA: Mzee, kalete kigogo uani.

Akakileta, akakirudisha majini. Mama Mapazia alikata kipande cha tango, akakichovya kwenye maji ya moto hadi kikalainika, akakifunga kwa uzi kwenye kijiko ili kisielee, akakishusha karibu na kigogo. Kisha akatoa pazia la mteja, zito, la rangi ya zambarau, akafunika tangi zima isipokuwa ufa mdogo. Wekundu wakatulia gizani, wakamwachia wa chini nafasi. Tukakaa sakafuni sebuleni, wote wanne.

Kilichotokea hasa ni hiki. Samaki alikuwa na njaa. Kwa wiki sita watu wanne walikisugua chakula chake kwa sifongo, kwa zamu, na mwenzake akafa kwa hilo. Yeye alianza kula tango robo saa baada ya pazia kushushwa. Jumamosi Fundi Saa alimweleza dada yake yote hayo mlangoni, kabla hajakaa.