Nizikeni Upande Huu wa Maji

Sogeeni, wanangu. Frida, zima redio. Castory, usisimame mlangoni kama mgeni. Nitasema mara moja, pumzi haitoshi kurudia.

Babu yenu amelala Nyamuhoza, kisiwa kile mbele ya mwalo wetu, na kwetu penye kaburi la baba ndipo penye neno la mtoto. Nilipokubali kiwe hifadhi ya samaki, pasishuke mtu, nikawapeleka maofisa kwa mtumbwi wangu na kuwaonyesha mawe ambako samaki kuhe hulinda vifaranga vyake, kaka yangu Bonifasi alinisema mbele ya wavuvi: "Anatoli, umegawa nyumba ya baba, umebaki kuchungulia dirishani." Wakacheka. Mpaka anakufa hatukula sahani moja. Lakini waliocheka leo wanavua hadi Ujiji, na samaki hao wamekulia wapi kama si pale? Hilo nalijivunia, wala sioni haya kulisema.

Michikichi ni ya Frida, aliyeipalilia. Mtumbwi na nyavu ni vya Castory. Nyumba ya Katubuka msiiuze, na Meshack wa Bonifasi apewe chumba cha mbele. Ugomvi ule uzikwe kabla yangu.

Sasa neno lenyewe. Castory, umeniombea kibali nizikwe kisiwani, ubavuni mwa baba, na wakubwa wa hifadhi wamekubali kwa kuniheshimu. Asante. Ila jana nilikusikia uani ukimwambia Meshack, "Mzee akilala kule, nani atatuzuia kushuka? Leo tunafagia kaburi, kesho tunatega wavu." Uzee umeninyima miguu, masikio bado ninayo. Chovya chovya humaliza buyu la asali, mwanangu, na mwili wangu hautakuwa kidole cha kwanza.

Mnadhani sikutamani kushuka? Tangu kisiwa kiwe hifadhi nimemsalimia baba nikiwa mtumbwini, injini nimezima, kofia mkononi. Niliwakataza watu kuokota hata kuni pale; mimi nitatuaje, tena na jeneza?

Nizikeni Rusimbi, karibu na mama yenu. Babu msalimieni kama nilivyomsalimia mimi.

Castory, lete mkono. Wewe ndiye utakayepiga jembe la kwanza. Niambie ni wapi... kwa sauti, Meshack asikie.

Ehe. Rusimbi.

Imana, Mungu wetu, awatunze, wanangu... mkivua, mrudi... mkirudi, mkute watoto wameshiba... Frida, fungua dirisha. La upande wa ziwa.