Kura ya Mheshimiwa Tackaberry

Ndugu waombolezaji, Orrin Tackaberry, ambaye mwili wake uko mbele yetu, alizaliwa tarehe 9 Mei 1846 huko Marietta, Ohio, mtoto wa tatu wa mhunzi, akasoma shule ya kijijini, kisha akajifunza sheria katika ofisi ya wakili mmoja hadi akawa wakili kamili mwaka 1871.

Mwaka 1879 alihamia hapa Cutler, Kansas, na tarehe 3 Juni 1880 alifunga ndoa na dada yetu Keziah, wakajaliwa mabinti wawili, Thirza na Almeda.

Hatutaficha, maana wengi wenu mlitolewa mashambani kwa ulimi wake, kwamba kwa miaka tisa aliwasimamia wakopeshaji mahakamani, hadi Oktoba 1889 alipopita kwa akina Haugen, ambao alikuwa amewafukuzisha wiki iliyotangulia, akaona moshi ukifuka kwenye bomba, akasikia mwiko ukikwangua sufuria, akafungua mlango na kukuta jiko la baridi na vumbi tupu. Alirudi nyumbani, akamwambia mkewe, "Keziah, bado wanakula mle," na hakuwasimamia tena wakopeshaji.

Novemba 1892 mlimchagua kwa Chama cha Watu kwenda bungeni Topeka, akapeleka muswada wa kumpa mkulima aliyeshindwa kulipa deni mwaka mmoja na nusu kabla ya kutolewa shambani, lakini Februari alishikwa na nimonia, akarudishwa nyumbani kwa treni, na tarehe 2 Machi 1893, mchana, alifariki mikononi mwa mkewe, naye akasimamisha saa ya ukutani kama ilivyo desturi yetu, ili ibaki ikionyesha saa ya kifo.

Mchana huohuo jina lake liliitwa bungeni, sauti yake ikajibu "Ndiyo," pamoja na kikohozi chake, karani asiyeinua kichwa akaandika, na muswada ukapita kwa kura moja. Mheshimiwa Pruitt, jirani yake wa kiti, alituambia jana, "Jamani, kiti kilikuwa kitupu, ila sauti ya Orrin naijua."

Sasa wenye benki wamemtuma bwana mmoja, amekaa pale nyuma, aulize marehemu alikata roho saa ngapi, maana kura ya maiti haihesabiwi, na mashamba yenu yataondoka nayo. Bwana, dada yetu anakujibu, "Saa yangu inatembea, njoo uitazame." Aliitia ufunguo tena mwenyewe, kwa mikono ileile iliyomfumba mumewe macho.

Tunamshukuru Daktari Lindqvist, ambaye naye hakutazama saa, majirani waliochimba kaburi kwenye udongo ulioganda kwa baridi, na wabunge wenzake.

Lala, shemeji, na wakikuita tena, usiitike.