Fundi Luhaga na Gari Lililotembea Peke Yake

Leo Jumamosi, tarehe 31 Julai 1948, Fundi Luhaga anaweka spana chini. Ameitumikia gereji hii ya Bwana Ramniklal, hapa Mwanza, kwa miaka ishirini na mitano kasoro siku chache. Wenzangu wameniachia mimi, Mayala, mtunza stoo ya vipuri, kazi ya kuandika habari zake, kwa kuwa karibu kila nati aliyoifunga ilipita mikononi mwangu kwanza.

Alikuja kwa miguu kutoka Buhongwa, Agosti 1923, akapewa kazi ya kuosha magari. Mwaka uliofuata akakabidhiwa hendeli ya kuwashia injini. Hendeli ikamrudi, ikamvunja kifundo cha mkono. Alipopona aliishika hendeli ileile, lakini baada ya kuuliza watu watatu kwa nini ilirudi. Tangu hapo hajawahi kugusa kitu ambacho hajakiuliza maswali.

Wengi wenu mnalikumbuka lori la misheni lililokuwa likizimika kwenye makaburi ya njia ya Butimba. Halikuzimika kabla ya makaburi wala baada yake. Dereva alikuwa akishuka, akipiga magoti, na akishasali muda mrefu lori huwaka tena. Luhaga alipanda naye siku moja, sisi wengine tukakaa nyuma. Lori lilipozimika, alikwenda kufungua kifuniko cha tangi la petroli, na sote tuliokuwa nyuma tukasikia tangi likivuta pumzi, kama mtu aliyezibwa mdomo. Manyigu walikuwa wamejenga kwa udongo ndani ya kitundu cha kifuniko. Hewa haikuingia, petroli haikushuka, na makaburi yalikuwa pale tu pumzi ilipokwisha; muda wa sala ulitosha hewa kupenya tena kidogo kidogo. Alikizibua kwa mwiba. Dereva akasema maombi yake yamejibiwa, na Luhaga hakubisha.

Kisa cha pili hakichekeshi. Ningekiacha, lakini Mama Champaben aliposikia habari ya sherehe hii aliomba kisomwe chote.

Mumewe, Bwana Mukesh, alikuwa mnunuzi wa pamba. Machi 1937 alirudi kutoka safari akiwa na homa, akameza kwinini, akasimamisha gari lake jeusi kwenye mteremko wa Pasiansi, ukingoni mwa ziwa, apumzike. Baada ya kama nusu saa wavuvi waliliona gari likiteremka taratibu, Bwana Mukesh amekaa nyuma ya usukani, mikono mapajani. Hakupiga kelele. Maji yakamfunika. Gari lilipovutwa nje kwa kamba, lilikuwa kwenye gia ya kwanza, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa shati lake.

Wengine walisema ziwa limemwita. Jamaa zake walisema neno baya zaidi, kwamba aliachia breki kwa makusudi. Posa ya binti yake, Sushila, ikavunjwa.

Luhaga alilikausha lile gari, akasafisha injini, tukaweka betri mpya ili mjane aliuze. Hakuna aliyelitaka, kwa maana lilipofika nyumbani lilianza mambo. Shimba, dereva wao, alikuwa akilizungusha kidogo asubuhi ili lisigande, kisha akiliegesha bandani kwenye gia, kwa kuwa breki ya mkono ilikuwa dhaifu. Kila lilipokuwa kimya, limefungiwa, banda tupu, liliguna. Watu wakifungua mlango hulikuta limesogea hatua moja kuelekea upande wa ziwa, betri imekufa, haliwaki kwa namna yoyote, na chini yake kuna tone jekundu juu ya tone.

Shimba alikuja gereji akiwa amekonda.

"Fundi, shikamoo. Njoo ulichukue. Linamtafuta mwenyewe."

"Marahaba. Siku usipolitoa bandani, huguna?"

Shimba alifikiri. "Hapana. Siku hizo hulala."

Luhaga akachukua betri nyingine na kipande cha kitambaa cheupe, akaniambia twende. Shimba aliliendesha hadi Pasiansi na kurudi, akaliegesha kama kawaida, akatoka nje haraka. Luhaga alitandika kitambaa chini ya injini, akakaa juu ya sanduku. Mimi nilisimama mlangoni. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, na sikumbuki kusikia hata kuku. Injini ilipiga tiki, tiki, ikipoa. Kisha tone la kwanza likaanguka kwenye kitambaa. Jekundu. La pili. Kiti cha dereva, kilichoanikwa juani wiki nzima, kilikuwa bado kinanuka ziwa.

Ndipo gari likaguna, guno refu la mtu anayeamshwa. Likaruka mbele hatua moja na kukikanyaga kitambaa. Usukani ulijigeuza kidogo, kisha ukatulia.

Sioni haya kusema nilikimbia. Niliporudi, Luhaga alikuwa amefungua boneti. Alichovya kidole kwenye wekundu ule, akaonja.

"Kutu," alisema. "Ni maji ya rejeta."

Aliingiza mkono, akapapasa. Mpira wa kupitisha maji ya rejeta ulikuwa mrefu kupita kiasi. Injini ikiwa ya moto ulijaa na kuinuka, ikipoa ulilegea, ukadondosha maji, ukazilalia waya mbili za stata, mota ya kuwashia injini, zilizokuwa zimechubuka. Waya zikigusana, stata huzunguka bila ufunguo, na gari lililo kwenye gia hutembea. Betri huishiwa nguvu kwa kulisukuma, na mtikisiko huzitenganisha waya; lakini kwenye mteremko hatua hiyo moja hutosha, gari huendelea lenyewe.

"Mayala," akasema, "mpira huu niliufunga mimi. Wiki moja kabla Bwana Mukesh hajafa."

Nilikumbuka. Stoo hakukuwa na saizi yake. Mimi ndiye niliyempa ule mrefu.

Bwana Ramniklal alisikiliza yote akiwa amesimama. "Mtu amekwisha kufa, Luhaga. Ukisema, utamfufua?"

"Yeye hapana, Tajiri. Lakini bado wanamsema."

"Na gereji?"

 Luhaga alinawa mikono, akavaa shati safi, tukaenda. Mama Champaben alikuwa barazani na mashemeji zake wawili. Luhaga alieleza kwa kiti kimoja na kamba mbili, jinsi waya zilivyogusana, jinsi mgonjwa aliyelala kwa homa alivyoteremshwa bila kujua. Mwisho akasema, "Kosa ni la mkono wangu, Mama. Mume wako hakujiua."

Shemeji mmoja aliinuka kwa hasira. Mama Champaben akamzuia. "Kaa. Wewe ulisema maneno mengi, sasa sikiliza." Kisha akamgeukia Luhaga. "Sema tena, polepole, Sushila asikie."

Akarudia yote, msichana amesimama mlangoni. Alipomaliza, Mama Champaben alisema, "Kukusamehe sijui. Lakini leo nitalala."

Tulipoteza wateja mwaka ule, na Bwana Ramniklal hakuzungumza na Luhaga hadi mvua za vuli. Lakini hakumfukuza. Ndipo ilipoanza amri tunayoifuata hadi leo: gari lililotengenezwa halirudi kwa mwenyewe mpaka lipoe kabisa mbele ya fundi, kitambaa cheupe chini yake. Sushila aliolewa baadaye, huko Bukoba. Lile gari Luhaga alilifungua kipande kwa kipande, na stata yake iko stoo kwangu, rafu ya juu. Ninajua ni chuma na waya tu. Hata hivyo mchana kukiwa kimya sana, huwa natafuta kazi ya kufanya nje.

Fundi Luhaga, asante kwa mafundi tisa uliowafundisha, na kwa kutufundisha wote kusema "ni mimi" pale inapouma. Mashamba ya Buhongwa yakupokee vizuri, mvua ikukute umekwisha kupanda, nawe uishi siku nyingi zenye amani.