Muuguzi wa Mlango wa Kutokea

Wasikilizaji wapendwa, uliye jikoni punguza moto, uliye njiani tega sikio. Leo tunamkumbuka muuguzi mmoja, dada wa watu, ambaye wagonjwa wenyewe walimbatiza jina: Bi Umeelewa.

Alianzia chumba cha sindano. Mkono wake ulikuwa mwepesi, mtoto alikumbuka kulia akiwa ameshachomwa. Kisha mkuu wa kliniki akampa kazi nyingine. Akae mlango wa kutokea, awaulize wagonjwa wamehudumiwaje. Basi, kazi yake ikawa hiyo: kuuliza wagonjwa wamehudumiwaje.

Wote walijibu, "Vizuri tu." Nani aseme vibaya, na kesho atarudi mikononi mwa watu wale wale? Mkuu alifurahi. Muuguzi wetu roho haikutulia. Siku moja mzee mmoja aliisifu kliniki, nusura aiombee dua, halafu akamuuliza mlinzi getini dawa alizopewa ni za nini.

Tangu hapo akabadili swali. "Ukifika nyumbani, utawaambia unaumwa nini?" Watu wakaikodolea macho karatasi ya dawa. Wengine wakacheka kwa aibu. Wengi walikuwa wanatoka kama walivyoingia. Akawa hamwachii mtu mpaka aeleze dawa yake kwa maneno yake mwenyewe. "Umeelewa? Haya, nenda salama." Jina likatoka huko.

Mambo yalibadilika kidogo, tusimnyime haki yake. Aliyoyasikia mlangoni aliyapeleka kwa mkuu, chumba cha uchunguzi kikapata pazia. Wagonjwa wakaacha kuulizwa siri zao kwenye dirisha la mapokezi, foleni nzima inasikia. Lakini foleni yenyewe ilimshinda. Tabibu alikuwa mmoja. Bi Umeelewa aliomba aletwe wa pili, akaambiwa suala linashughulikiwa. Akaomba tena. Likawa bado linashughulikiwa. Tabibu naye alimwambia hana ubaya na mtu, ila nje watu wamejaa kama siafu. Amsikilize nani, amwache nani?

Kisha, wasikilizaji wapendwa, akaugua yeye. Tumbo. Nguo zikaanza kumpwaya. Dada yake akamshikilia aende akatibiwe. Wenzake kazini walitaka apite mbele, akakataa, akapanga foleni kama watu wengine. Nyuma yake alikaa mama aliyempakata mtoto anayetetemeka kwa homa. Alipoingia, aliona macho ya tabibu yamechoka, yanakimbilia mlangoni. Akasema tumbo linamsumbua kidogo. Damu aliyoiona chooni hakuitaja. Kukonda hakukutaja. Akatoka na vidonge.

Dada yake anakumbuka: "Nilimuuliza, mbona hukusema? Akanijibu, 'Ningeanza kueleza yote, yule mtoto angengoja mpaka lini?'"

Vidonge vilituliza maumivu, akarudi mlangoni kwake kuuliza wengine. Miezi ikapita. Alipofikishwa hospitali kubwa, ugonjwa ulikuwa umeshatambaa. Madaktari walimkalisha, wakamweleza taratibu, kwa maneno mepesi, vile alivyopenda wagonjwa waelezwe. Alielewa kila kitu. Haikusaidia kitu.

Tabibu alikwenda kumwona. Akavuta kiti, akasema siku ile angemuuliza zaidi. Mgonjwa akamshika mkono.

"Ungeniuliza saa ngapi, kaka?"

Tabibu alibaki pale mpaka muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha, naye akatolewa na wauguzi kama mgeni mwingine yeyote.

Siku chache baadaye Bi Umeelewa alifariki dunia. Dada yake anasema: "Natafuta wa kumlaumu, simpati. Bora ningempata."

Kwa dada huyo, kwa familia nzima na kwa wafanyakazi wenzake, tunatoa pole za dhati. Mungu awatie nguvu, naye ampumzishe marehemu pema.

Nasi tuliobaki tutafakari. Tungependa kuwaambia, mkienda kutibiwa semeni yote, msifiche. Lakini aliyewafundisha watu kusema alinyamaza, na alinyamaza kwa huruma. Tabibu yule bado yuko peke yake, na asubuhi hii foleni imeshafika getini.