Kopo la Maziwa Nyuma ya Lori: Maisha ya Immaculée Asende

Mchungaji, wazee wa kanisa, bamama wa soko la Baraka mliofunga meza zenu leo, ndugu wa Nundu na wa Lusenda mliokuja kwa miguu, na ninyi wakubwa wa chama cha wasafirishaji mliopewa viti vya mbele kwa sababu turubai ni lenu, mimi ni Henri Asende, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee historia yake. Kabla sijaanza naomba minong'ono ipungue: ndiyo, kiti cha mume wake kiko wazi, tumekiona, desturi inamtaka akae karibu na jeneza mpaka mwisho, naye hayupo, mtajua aliko nikifika huko.

Immaculée alizaliwa Nundu tarehe 14 Februari 1983, mtoto wa tatu wa marehemu baba yetu Isidore, mvuvi, na mama yetu Rosette, mkulima wa muhogo, ambaye amekaa hapa mbele yenu. Alianza shule ya msingi Nundu mwaka 1989, akakatiza masomo mwaka 1996 vita vilipotuvusha ziwa hadi Kigoma, akaendelea kusoma kambini, na huko ndiko alikojifunza kufungua redio zilizokufa na kuzifufua, kazi ambayo wajomba fulani, wengine wamo humu na wamevaa suti, walisema haimfai msichana, kisha jioni wakamletea redio zao azitengeneze. Tuliporudi alipata diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari, hapa Baraka mwaka 2007, na mwaka 2010 akamaliza masomo ya elektroniki Bukavu.

Tarehe 6 Agosti 2011 alifunga ndoa na Patrice Wilondja, fundi wa kuchomelea, wakafungua atelier, karakana yao, karibu na soko, na Mungu akawajalia watoto wawili, Anastasie mwaka 2013 na Raphaël mwaka 2016.

Sasa nafika kwenye kazi yake, ambayo wengi wenu mliicheka na leo mnataka kuisifu. Tarehe 12 Mei 2017, lori lililokuwa likirudi nyuma sokoni lilimkanyaga Espérance Irambona, mkimbizi wa kambi ya Lusenda aliyekuwa akiuza sombe, majani ya muhogo, akafa palepale. Lori hilo lilikuwa na kamera nyuma na kioo cha picha mbele ya dereva, naye dereva aliapa kwamba picha ilikuwa safi, halafu ghafla kioo kikajaa weupe mtupu. Wakubwa wa chama walikaa kikao, wakanywa soda, wakaamua kwamba dereva alilewa, na wale waliojua kwamba hanywi pombe wakasema basi ni uchawi, wakarudi nyumbani wameridhika. Dada yangu peke yake alimwamini yule dereva. Alipanda malori yanayokwenda Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu, akakaa mbele na madereva, akarushwarushwa kwenye ile barabara mnayoijua, akagundua jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yenu miaka yote, kwamba kamera hizi za bei ndogo hazipofuki njiani, zinapofuka wakati wa kuondoka.

Na wakati wa kuondoka madereva wetu hufanya nini? Kila mmoja anajua. Kwa kuwa huko milimani simu hazishiki na njia haina usalama, dereva haondoki kabla ya kushika phonie, ile redio ya gari, na kuwaita wa Misisi awaambie anatoka, na mkono mmoja ukiwa kwenye phonie, wa pili unaingiza gia ya nyuma. Nguvu inayotoka kwenye antena ya phonie inaingia katika waya mrefu wa kamera, picha inafutika, na dereva anarudi nyuma kama kipofu saa ileile anapohitaji macho.

Dawa yake aliitafuta miaka miwili, akashindwa mara nyingi, kwa sababu alitaka kitu ambacho hata mwenye lori bovu angeweza kununua. Mwishowe alichukua kamera ya kawaida iliyonunuliwa Uvira, akaifungia ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga, waya wote akauvisha soksi ya nyuzi za shaba alizozivua kwenye nyaya za antena za televisheni, na bado weupe ukaja, mpaka siku Patrice alipokwangua rangi ya lori ili kopo liguse chuma kitupu, akakaza bolti, dereva akaita Misisi, na picha ikabaki safi. Walilia wote wawili pale chini ya lori, nilikuwepo. Nje, vijana wa chama walikuwa wakiimba, "Mama Kopo! Mama Kopo! Iko navalisha gari kopo!" Baadaye wakaja wataalamu wa shirika moja, silitaji kwa kuwa nalo halikumtaja, wakapiga picha wakiwa wameshika kopo kama watu waliolibuni, wakaenda zao na gari lenye kiyoyozi.

Lakini malori yalifungwa makopo, na tangu hapo hakuna mama wa soko aliyekanyagwa na lori lenye kopo. Kila asubuhi Immaculée alipita nyuma ya malori yakipakiwa, akiligusa kila kopo kwa mkono kuona kama limekaza. Patron Guy, mwenye malori makubwa kuliko wote, naye alifungiwa lake. Kisha wanunuzi wa dhahabu wa Misisi wakamcheka, tajiri mzima na kopo la maziwa kwenye makalio ya lori, na Patron Guy, ambaye hakuona haya Espérance Irambona alipozikwa bila chama kutuma hata mtu mmoja, aliona haya kwa ajili ya kopo. Akamwambia dereva wake, "Toa iyi kopo, batu batasema nimefirisika," akaweka badala yake kifuniko cha plastiki kinachong'aa, kimetoka Dubai, kizuri sana kukitazama.

Patron Guy, usiinamishe kichwa, bado hatujafika kwenye sala.

Tarehe 3 Septemba 2024, asubuhi, dada yangu alifika nyuma ya lori hilo, akanyoosha mkono kugusa kopo, akakuta plastiki, akainama atazame vizuri. Mbele, dereva alishika phonie, "Misisi, Misisi, niko natoka," akaingiza gia ya nyuma, na kioo chake kikajaa weupe. Dereva huyo alikuja hospitalini akalia mpaka wauguzi wakamshika, naye simdharau, kwa sababu yeye anajua kulia.

Dada yangu alilazwa Nundu, nyonga imevunjika na damu ikivuja ndani, na alichouliza kwanza ni, "Kopo yangu balipeleka wapi?" Patrice alilitafuta, akalikuta uani kwa Patron Guy, kuku wanalinywea maji. Alimpelekea kitandani, naye Immaculée akalishika, akalitazama ndani kama limeingia kutu, akasema, "Iko muzima," wala hakutamka neno lolote juu ya Patron Guy, jema au baya. Ninayetamka ni mimi. Aliaga dunia tarehe 21 Septemba 2024, na sisi tumeumia, tumeumia sana.

Sasa, kiti kilicho wazi. Chama kimetuletea lori la kubeba jeneza, tunashukuru, mmelifunga matawi na kuliosha, na ni lilelile lililomkanyaga, na plastiki yake mmeipaka mafuta ing'ae. Ua huu ni mwembamba, lazima liingie kinyumenyume katikati ya bamama na watoto hawa wote, na katika vichwa vyote vya chama hakuna hata kimoja kilichofikiria hilo. Patrice yuko barabarani, chini ya lori, na suti yake ya kilio, anakwangua rangi, anafunga kopo la mke wake. Tutamngojea. Akimaliza, gari likiwa limesimama, dereva ataita Misisi kwa phonie, na mtu mmoja atasimama nyuma ili tuone kama anaonekana kwenye kioo, na nafasi hiyo, Patron Guy, familia imekuwekea wewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Nundu waliopigana mpaka mwisho, majirani waliotupikia, mafundi wenzake, bamama wa soko, ndugu wa Lusenda waliokesha nasi, na hata chama, kwa turubai na viti, vitarudishwa kesho vikiwa safi.

Immaculée, dada yangu, pumzika sasa kwa amani, gari linalokuja kukuchukua litakuwa na macho.