Mpira Usioonekana wa Mwalimu Mbawala

Tarehe 30 Juni 2009, Mwalimu Modestus Mbawala anakabidhi funguo za chumba cha kompyuta cha Kituo cha Ufundi Umoja, Nachingwea, baada ya miaka kumi na tisa ya utumishi. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Zaina ninayefundisha ushonaji hapa, kazi ya kuandika wasifu wake. Kamati inajua fika kwamba yeye ni Mngoni na mimi ni Mmwera, watani wa tangu enzi za mababu. Yaani wamemkabidhi fisi bucha. Na mtani hakasiriki, kwa hiyo Mwalimu, kaa kwenye kiti chako utulie.

Alikuja kutoka Peramiho mwaka 1990 kufundisha taipu. Mashine za kuchapa za ofisi nyingi za Nachingwea na Ruangwa zilipita mikononi mwake. Aliwahi kwenda kwa baiskeli mpaka Kilimarondo kutengeneza mashine ya shule, akakuta tembo wako shambani kwa mwalimu mkuu. Kijiji kizima kilimwona juu ya paa. Mwenyewe mpaka leo anasema alipanda kukagua bati.

Kompyuta zetu za kwanza zilifika mwaka 1998, za msaada, zimeshatumika huko zilikotoka. Vijana wakamiminika. Tusidanganyane, hawakuja kujifunza kuandika barua za kuomba kazi. Walikuja kucheza gemu. Kila mmoja aliingia na sidii iliyonakiliwa Dar, na kila sidii iliingia na virusi vyake. Kufikia mwaka 2002 hakuna kompyuta iliyowaka hata moja.

Mwalimu akaenda semina Dar es Salaam, akarudi na Linux. Kwa wageni wetu: huo ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, wa bure, na virusi vile havikuuweza. Kompyuta zikafufuka. Vijana wakaja mbio, wakaingiza sidii zao, na hakuna gemu lililofunguka. Yote yalikuwa yametengenezwa kwa ajili ya Windows, mfumo tuliokuwa nao mwanzo. Lile gemu la mpira wanalolipenda lilikuwa likitoa toleo jipya kila mwaka, na kila mwaka watu wa Linux waliachwa kwenye mataa. Mwalimu aliwaandikia watengenezaji barua pepe kuwaomba wamfikirie. Walimjibu kwa adabu kwamba wachezaji wa Linux ni wachache mno. Akawajibu kwamba basi yeye wamhesabu mara mbili.

Vijana wakahamia kibanda cha gemu kule stendi. Chumbani akabaki Mwalimu, feni na mjusi. Ndipo Mzee Bashiri Chilumba, mkulima wa korosho wa Matambarale na mwenyekiti wa kamati ya kituo wakati huo, alipotoa tamko. Chumba kile kilikuwa ghala kabla hakijaota kompyuta, na msimu wa mwaka 2003 ulikuwa mzuri hata magunia yakakosa pa kulala. Kama hadi Idd chumba hakijapata watu, kompyuta zitaondoka na magunia yataingia. Mzee Bashiri, Mmwera kama mimi, akaongeza kwamba zamani babu zake Mwalimu waliwateka babu zetu, na sasa zamu yetu ya kuteka imefika.

Tulicheka sana siku ile. Mwalimu pia alicheka, lakini nilimwona akifunga mlango wa chumba kile jioni, akaushika kitasa muda mrefu. Alikuwa amekataa uhamisho wa kurudi kwao Songea kwa ajili ya chumba hicho. Roho iliniuma, jamani, utani au si utani.

Hakulala. Alitafuta mpaka akapata programu ya bure inayofanya kazi kama mkalimani: gemu linazungumza lugha ya Windows, programu inaitafsiria Linux. Toleo la zamani la gemu la mpira likafunguka! Kasoro ilikuwa moja tu. Wachezaji walionekana, refa alionekana, nyavu zilitikisika, ila mpira wenyewe haukuonekana. Ungewaona watu ishirini na wawili wanakimbilia hewa.

Mtu mwenye busara angenyamaza afurahie alichopata. Lakini huyu ni Mngoni aliyetaniwa. Akamtangazia Mzee Bashiri kwamba Idd Pili kutakuwa na mechi ya gemu kati ya Nachingwea na Ruangwa, tena kwa toleo jipya kabisa lililotoka mwaka huohuo, tena na mpira unaoonekana. Toleo lenyewe alikuwa hajalijaribu. Liliwasili na basi la kutoka Dar usiku wa kuamkia mechi.

Idd Pili ikafika. Kamati ikakaa mbele, vijana wachache wakasimama nyuma. Mwalimu akabonyeza. Kioo kikawa cheusi. Akabonyeza tena, cheusi.

Watani tufanye nini? Tulifanya kinachofanywa na watani penye msiba. Mimi nilichukua kitambaa cheupe cha darasa langu nikaifunika kompyuta kama maiti, kisha nikaangua kilio. Mzee Bashiri akasimama kusoma historia ya marehemu: kwamba alizaliwa Ulaya, akafia Nachingwea, na katika uhai wake hakuwahi kuokota korosho hata moja. Wanawake wa kamati wakapokea kilio. Tulilia kwa sauti, mpaka sokoni wakasikia.

Na huku kwetu kilio hakipitwi. Ukisikia, unaacha ulichoshika unaingia. Wauza samaki wakaja, mama lishe wakaja, mafundi baiskeli wakaja, hata kibanda cha stendi kikabaki kitupu. Walipogundua aliyekufa ni kompyuta walicheka hadi wakakaa chini, na hakuna aliyetaka kuondoka. Chumba kikajaa mpaka madirishani.

Huku sisi tunaomboleza, Mwalimu alikuwa ameingiza kichwa chini ya sanda. Alikuwa analirudisha toleo la zamani. Kitambaa kilipoinuliwa, uwanja ulikuwa umewaka, timu ziko tayari, na mpira haupo.

Mechi ile haina mfano. Umati mzima ulikuwa unaelekeza mpira ulipo, kila mtu na upande wake. Mzee Bashiri alivumilia kidogo, kisha akamnyang'anya kijana wa Ruangwa kibodi, akapiga shuti, akajifunga mwenyewe, na akashangilia. Alipoambiwa ni goli la wenzake alisema huo ni uongo, yeye ameuona mpira kwa macho yake ukiingia upande mwingine.

Kabla ya jua kuzama alitamka kwamba magunia yatalala nyumbani kwake. Ila mateka hatoki bure. Alidai Mwalimu amfundishe mjukuu wake Raudha kila anachokijua, asimfiche kitu.

Deni hilo limelipwa. Tangu mwaka ule chumba hakijakosa wanafunzi. Wanaingia kwa ajili ya gemu wanatoka na ufundi, na wapo makarani na mafundi wa kompyuta wa wilaya zote mbili walioanzia pale. Matoleo mapya ya ile programu yamekuja, na siku hizi mpira unaonekana vizuri. Lakini kila Idd Pili vijana humwomba Mwalimu awafungulie lile la zamani.

Mzee Bashiri alifariki mwaka 2007. Kule Matambarale Mwalimu alitimiza wajibu wa mtani: alishuka kaburini, akalala, akagoma kutoka mpaka Bashiri aamke amwonyeshe mpira ulipo. Watu walicheka huku wanajifuta machozi. Kisha Mwalimu mwenyewe akaangua kilio mle mle kaburini, kilio cha kweli, jambo ambalo mtani haruhusiwi. Wamwera tulimtoa kwa mikono yetu. Tangu siku hiyo mimi nimeshindwa kumwita mgeni.

Leo funguo anazipokea Raudha Chilumba.

Mwalimu, kile kitambaa cheupe nilikitunza. Nimekishona shati, lipo chini ya kiti chako, na mfukoni nimetarizi duara dogo kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Ndugu zako wa Peramiho watakuambia hawaoni kitu. Sisi tunauona. Asante kwa miaka yote. Nenda salama, uzeeke taratibu, ule vizuri, na kila Idd Pili urudi, maana mateka wetu hatujamwachia.