Figo za Breki

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matairi mawili mbele ya kibanda cha fundi viatu, na kila mtu ana mahali pake hapo hata asipokuwepo. Mwenye kibanda anaitwa Gundi, kwa ajili ya kazi yake na kwa sababu akishika hoja haiachii. Kulia kwake hukaa Bomba, fundi wa mabomba ya maji, ambaye hajawahi kuona tatizo la dunia hii lisilofanana na koki inayovuja. Kushoto hukaa Breki, dereva wa lori aliyestaafu, ambaye alikuwa akiendesha taratibu mpaka nyanya alizopakia mbichi zilikuwa zikifika mbivu. Kahawa ni ya Mama Kahawa, na jiko lake ameliweka hatua mbili tu kutoka hapo ili umbeya usimpite. Asubuhi hiyo Breki alikuja na shati jeupe la mikono mirefu, limepigwa pasi mpaka kola imesimama, na hakuna aliyeamini kwamba shati lile limepigwa pasi kwa heshima ya benchi.

— Unaoa tena? Bomba akauliza.

— Nakwenda kliniki. Leo ndiyo siku yangu.

— Kliniki iko upande ule, wewe umekuja upande huu.

— Nimepita kuwasalimu kwanza.

Salamu hizo zilianza saa mbili. Sasa ilikuwa saa nne na nusu, na kliniki hufunga saa sita. Mkewe, aliyelipiga pasi lile shati mwenyewe, alijua mumewe yuko kwenye foleni.

Miezi minne nyuma, homa ya mapafu ilimwangusha Breki, ikaingia kwenye damu, na akalazwa chumba cha wagonjwa mahututi. Huko figo zake zikasimama. Siku kumi na moja alifungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na alipozinduka kitu cha kwanza kuona kilikuwa damu yake mwenyewe imetoka nje, inatembea kwenye mpira, inazunguka mashine na kurudi. Aliendesha lori miaka thelathini bila kuogopa mlima wala korongo, lakini pale aliogopa. Alipotoka, daktari alimwandikia karatasi: rudi baada ya miezi mitatu tupime damu, mkojo na presha, maana figo zimeamka lakini hatujui zimeamka kiasi gani.

Benchi likajipa kazi ya kujua. Breki alikuwa amewasimulia jinsi wauguzi walivyoandika kila kikombe alichokunywa na kila tone alilotoa. Basi tangu siku aliyorudi, Gundi akachukua chaki anayowekea alama kwenye soli, akachora mstari ndani ya mlango wa kibanda. Upande mmoja vikombe vya kahawa, upande wa pili safari za Breki kwenda choo cha uani.

— Jana vikombe vinne, safari tano! Gundi akatangaza. Anatoa kuliko anavyopokea. Watu wangapi mjini wanaweza kusema hivyo?

— Figo ni chujio, Bomba akasema. Chujio likiziba unalifungua, unalisuuza, unalirudisha. Mwenzetu kasuuzwa siku kumi na moja! Mimi na wewe zetu zina kutu tangu kuzaliwa.

— Siyo chujio, ni ngozi. Kiatu kikinyeshewa kikaanikwa kinakakamaa. Figo iliyokwisha kusimama imekomaa, haisimami tena.

— Kiatu kikikakamaa si kinapasuka? Mama Kahawa akauliza.

— Cha wengine. Cha kwangu hapana.

Breki akacheka. Alikuwa na mfano wake pia, na aliutoa kwa sauti ya mtu anayetaka kuaminiwa.

— Lori langu liliwahi kuzimika mlimani na mzigo juu. Likakaa, likawaka lenyewe. Nikaliendesha miaka sita mingine.

— Hukulipeleka gereji?

— Nililipeleka, Mama. Siku ileile.



— Lile lilikuwa lori la watu, Gundi akamtetea. Cha mtu lazima ukitunze. Lingekuwa lako, ungelipeleka?

— Nisingelipeleka, Breki akakubali.

— Umeona?

Mama Kahawa akaweka birika chini kwa kishindo.

— Ngoja ngoja huumiza matumbo, ninyi wanaume!

— Matumbo! Gundi akadakia. Methali imetaja matumbo. Figo ziko mgongoni, wazee waliziruka kwa makusudi.

— Na ndiyo maana tumepewa mbili, Bomba akaongeza. Kidole kimoja hakivunji chawa. Halafu sikilizeni. Siku kumi na moja zile figo zilikuwa wapi? Likizo! Mashine inafanya kazi, zenyewe zimelala. Kila siku ya mapumziko ni mwaka mmoja wa kuishi. Breki ana miaka kumi na moja ya nyongeza ambayo sisi hatuna.

— Matajiri wakisikia, Gundi akasema, watapanga foleni wazimwe figo kila mwaka, kama servisi ya gari. Watatoka humo na figo za kitoto. Breki, wewe utakuwa ukialikwa kutoa mawaidha.

— Mwenda pole hajikwai! Bomba akashangilia, na hapo hakuna aliyejua imeingiaje.

Breki alicheka mpaka akafuta macho. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni umeikamata karatasi, na umeikamata tangu saa mbili. Muuguzi mmoja alimwambia ukweli siku ya kutoka: baba, wengine figo hurudi zote, wengine hurudi nusu, na wengine hurudi halafu zikaanza kushuka polepole bila maumivu yoyote, mtu anakuja kushtuka miaka imepita. Bila kupimwa hutajua. Breki alilibeba neno hilo akaligeuza: bila kupimwa, basi mimi ni mzima. Kila asubuhi aliyokaa pale akihesabiwa, alikuwa mzima. Na kule kwenye foleni, nyuma ya mlango fulani, ile mashine ilikuwepo.

Saa tano kasorobo akafika mwanamke asiyejulikana kijiweni, anachechemea, kandambili moja ya ngozi mkononi, mkanda umekatika.

— Shikamooni.

— Marahaba, marahaba. Lete tuone.

Gundi akafungua mlango wa kibanda kuchukua sindano, na mwanamke akaiona ile chaki, mistari juu ya mistari, kutoka kwenye kitasa mpaka karibu na sakafu.

— Hivi ni nini?

Wakamweleza kwa zamu, wakipokezana kwa fahari. Chumba cha mahututi, mashine, vikombe, safari. Bomba akamwonyesha siku ya rekodi, safari tisa, siku waliyosherehekea. Mwanamke akamtazama Breki na shati lake.

— Kwa hiyo huyu baba amepona?

— Kabisa! wakajibu wote wawili.

— Sasa kama amepona, mbona mnamhesabia?

Bomba akachungulia ndani ya kikombe chake. Mama Kahawa akamtazama Gundi. Gundi alikuwa na nta kwenye vidole na uzi ndani ya tundu la sindano, na hakuvuta. Mwanamke akaona labda amekosea.

— Samahani, niliuliza tu.

— Hukukosea, binti.

Gundi aliongea bila kuinua kichwa.

— Breki, ulipolazwa nilikuja. Hukujua. Walinizuia mlangoni, nikaona miguu yako tu, imetokeza kwenye shuka. Mimi nakushonea viatu miaka ishirini, mguu wako ni namba saba. Siku ile, kwa kuvimba, ilikuwa tisa. Nilirudi hapa nikafunga kibanda, nikalia kama mtoto.

Breki alidhani woga ule wote ni wake peke yake, kumbe alikuwa ameugawana na watu hawa kila asubuhi, pamoja na kahawa. Aliwapenda sana dakika ile. Akanyoosha miguu yake mbele, akavuta suruali juu kidogo.

— Na leo ni ngapi?

Gundi akaweka sindano chini. Akapiga magoti kwenye vumbi, akabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba, akaachia, akatazama. Akabonyeza wa pili.

— Saba? Breki akauliza.

— Sijui.

— Gundi!

— Sijui, ndugu yangu. Mimi ni fundi viatu.

Breki akawageukia wengine.

— Naiogopa ile mashine, Breki akasema.

— Hata sisi, Gundi akajibu, bado amepiga magoti.

Mama Kahawa akasimama. Akapita benchini akikusanya vikombe, cha Breki kikiwa bado kina moto, akamwaga kilichobaki, akaifunika birika kwa kitambaa. Birika ilikuwa bado na kahawa zaidi ya nusu.

— Kahawa imekwisha, akasema.

Hakuna aliyebishana naye. Gundi akarudi mbio kwenye kiti chake, akaukamata mkanda wa kandambili.

— Nisubiri nimalizie hiki cha binti, nikusindikize.

— Nikikusubiri nitakaa, Breki akasema, akatoa karatasi mfukoni na kushika njia ya upande ule.